Mashine ya Kutunza Sauti ya Bibi

Kwa Fundi Bwanali,
Temeke,
Dar es Salaam.

Jumapili, 22 Julai 2007.
Ni miaka miwili na miezi minne tangu nilipoondoka nyumbani.

Mpendwa dada yangu, Mama Grace,

Shikamoo dada. Habari za tangu tulipoongea? Lile goti lako linasemaje siku hizi za baridi? Najua Newala mwezi huu upepo unapita hadi ndani ya shuka. Shemeji Edmund hajambo? Na Grace anaendeleaje na masomo? Mwambie nimeipata picha aliyochora, nimeibandika juu ya godoro langu, na wenzangu wote wanauliza yule ni mbuzi au ni mimi.

Mama kifua chake vipi? Huu ni msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, na yeye akisikia tu mlio wa mashine ya kupulizia lazima awepo shambani, hata akiambiwa akae mbali na vumbi. Mwambie ajifunge kitambaa puani na asisimame upande unakokwenda upepo. Atauliza mtoto gani anamfundisha mikorosho mama yake. Wewe mfunge tu hicho kitambaa.

Mimi ni mzima, ila sitakuficha, nimechoka. Wiki hii tumeshusha makontena mawili ya kompyuta za mitumba. Vile vioo vya zamani, vyenye kisogo kikubwa, kimoja ni kama kubeba mtoto wa miaka mitano aliyelala, na kwa siku unabeba watoto mia mbili. Jioni mgongo unakataa kunyooka. Lakini leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, nimekaa kwenye benchi la Bwanali na kalamu ninayo. Haya nitayamaliza leo.

Kwenye simu nilikwambia maneno mawili tu, kwamba sauti zimeonekana na kwamba nitaleta mashine nyingine. Ukaniuliza safari hii nitaweka mfumo gani ndani yake, salio likakatika. Nimeona niandike. Barua hii usiisome peke yako. Isome mbele ya Mama, halafu umpelekee binamu yetu Basil kule Lupaso naye aisome. Kwa sababu hiyo nitaeleza hata yale unayoyajua.

Baba alikuwa na kanda arobaini na moja. Alipokuwa msomaji wa kanisa pale kijijini kwetu Chiwata alikuwa akienda kwa wazee na redio yake ya kaseti, Waislamu kwa Wakristo, akiwauliza nani alizaa nani, nani alihamia wapi, na nani alipanda mikorosho ipi. Watu walimcheka kwamba Mwalimu Cecil amekuwa karani wa marehemu. Wazee wenyewe wamekwisha, Baba naye amekwenda, na leo wanaobishana hawana wa kumuuliza.

Mwaka ule wa kwanza nilipofika huku niliwatumia kompyuta. Wewe na Baba mlikaa miezi minne mkihamisha kanda moja moja kwa ule waya kutoka kwenye redio. Kila kanda iliyokwisha kuhamishwa Baba aliifuta kwa kurekodia kwaya juu yake. Simlaumu. Kanda zilikuwa shida kupatikana, na kwetu hakuna anayeacha kitu kikae bure. Lakini matokeo yake ni kwamba sauti zote zikabaki mahali pamoja tu, ndani ya ile kompyuta.

Shemeji akaleta mitihani kwenye flashi kutoka steshenari moja ya mjini, na ndani ya flashi mlikuwa na kirusi. Siku ya pili mafaili ya Baba hayakuonekana. Wiki mbili baadaye kompyuta yenyewe ikakataa kuwaka. Na wewe dada ukaifunga kwenye blanketi, ukaipandisha basi, ukaniandikia kikaratasi kimoja: "Mdogo wangu, tumemzika Baba mara ya pili."

Kikaratasi hicho ninacho mpaka leo. Mara ya kwanza sikuwepo. Unakumbuka magari yalivyokwama kule Somanga kwa mvua, nikafika siku ya nne, kaburi limeshapandwa maua. Niliposoma maneno yako nilisema kwamba hii ya pili siikubali.

Sasa nikiri kosa langu. Nilimpelekea fundi mmoja wa huku mjini ile diski iliyo ndani ya kompyuta. Akaichomeka kwenye yake, akaangalia, akasema, "Kaka, humu ni patupu. Nikupangie upya, uanze kuitumia?" Kupanga upya ni kufuta kila kitu, na mimi sikujua. Nilikuwa nimeshaitikia kwa kichwa. Hapo msimamizi wa ghala akapiga simu kwamba kontena limefika na watu hawatoshi, nikaichukua diski yangu mfukoni nikakimbia kazini. Kilichotuokoa, dada, ni mizigo. Usije ukaniita hodari mbele ya watu.

Bwanali nilimfahamu kwa sababu nilimsikia akimgombeza mteja kwa Kimakonde. Ni mtu wa Mkunya, ana miaka tisa huku, anatengeneza zile kompyuta ambazo tunaziangusha sisi wabebaji. Nikampelekea na boksi lote pamoja na diski. Alipofungua mfuniko alirudi nyuma, akanusa.

"We Yoeli, hii kompyuta ilikuwa inapuliza mikorosho?"

Nikamwambia hapana, ilikuwa imefungiwa chumba salama kuliko vyote.

"Chumba gani?"

"Stoo. Ndicho chenye kufuli."

"Na salfa mnaiweka wapi?"

Nikajibu mle mle. Akacheka mpaka akakaa chini. "Nyie watu wa Chiwata bwana! Mwizi hakuipata, lakini salfa imeila taratibu, tena kwa kufuli!" Akanionyesha nyaya za shaba zilivyokuwa nyeusi kama masizi, na feni imejaa unga wa njano. Kumbe salfa ikikaa na shaba pamoja na unyevu, shaba inaoza. Nami ndiye niliyekwambia uiweke stoo, kwenye barua yangu ya mwaka ule. Kwa hiyo acha kujilaumu, lawama ni yangu. Nyumba ngapi za kwetu zingefanya hivyo hivyo? Zote. Chenye thamani kinakaa na korosho, na korosho zinakaa na salfa.

Diski lakini ilikuwa imefungwa vizuri ndani ya chuma chake, salfa haikuingia. Bwanali akatoa bahasha ya CD. Alizipata kwa posta, bure, kutoka ng'ambo. Aliandika tu jina na anwani, akasubiri wiki saba, zikaja tano. Juu yake imeandikwa Ubuntu. Ni neno la ndugu zetu wa kusini mwa Afrika, maana yake utu, na nadhani hata Mama hatahitaji kutafsiriwa.

Akaitia CD kwenye kompyuta yake, akaiwasha bila kuweka kitu chochote ndani, ikajiendesha kutoka kwenye CD yenyewe. Akaichomeka diski yetu, akafungua, na pale ambapo yule fundi wa kwanza aliona patupu, tuliona mafaili arobaini na moja yamejipanga, kila moja na jina alilolipa Baba. Kirusi hakikuwa kimefuta kitu. Kilikuwa kimeyaficha mafaili na kuweka ya uongo mahali pake, na kwenye mfumo huu mwingine ujanja wake haufanyi kazi.

Nilichagua faili la kwanza nililoona lina jina la Bibi. Ilikuwa Jumapili kama leo, mchana, watu wanapita na madumu ya maji. Mara ikatoka sauti ya jogoo, halafu mtu akakohoa, halafu Baba akasema tarehe. Dada, sijui nikuambieje. Bwanali alitoka nje akasema anakwenda kununua vocha, akakaa huko muda mrefu.

Sasa nisikilizeni wote, wewe na Mama na wewe Basil, maana hapa ndipo penye jambo. Bibi Grace, mama yake Baba, anasema hivi kwenye ile kanda. Baba anamuuliza mikorosho ya shamba la bondeni ilipandwa na nani. Bibi anajibu: "Ile mistari mitano alipanda mkwe wangu Veridiana, ana mimba ya Isabela. Mimi nachimba mashimo, yeye anaweka mbegu. Mwanangu Cecil wakati huo alikuwa anasoma vitabu." Dada, mimba hiyo ni wewe. Baba anacheka. Bibi anaendelea: "Usicheke, andika." Baba anamwambia, "Mama, mashine hii haiandiki, inasikiliza tu." Naye anasema, "Basi iambie isikilize vizuri. Na ile mikorosho kumi na miwili ya pale kwenye kisima kilichokauka alipanda binti yangu Anjelina, kabla hajaolewa Lupaso. Hiyo si ya Veridiana wala si ya Cecil. Ni ya Anjelina."

Shangazi Anjelina ni mama yake Basil. Wote mnajua Basil anasema nini tangu Baba afariki: kwamba kwa desturi ya kwetu mpwa ndiye anayesimama kwenye vitu vya mjomba wake, kwa hiyo shamba la bondeni ni lake, na Mama akae kwenye nyumba tu. Simwiti mwizi. Desturi hiyo ipo, hajaitunga yeye. Lakini desturi hiyo hiyo inasema mkorosho ni wa aliyeupanda. Mpwa atarithi vya mjomba, hatarithi vya mke wa mjomba. Kikao cha ukoo ni Jumamosi tarehe 27 Oktoba, na Mama hana shahidi aliye hai. Shahidi wake ni Bibi ndani ya hiyo diski.

Ndiyo maana mimi, niliyeishia kidato cha pili, nimekaa miezi miwili na kamusi ya Kiingereza nikisoma habari za mifumo ya kompyuta kila mapumziko ya mchana. Wenzangu wanalala kwenye maboksi, mimi nasoma. Wameniita Profesa Kontena. Waache.

Nimekusudia kuleta mashine itakayokaa nyumbani kwako Newala bila kutumiwa kwa kazi nyingine yoyote. Wanaiita seva. Usiogope jina. Fikiria lile tangi la maji ya mvua ulilochimbiwa uani. Maji yote ya bati yanaingia mle, tangi limefunikwa, na kila mtu anachota kwa ndoo yake. Hakuna anayeogea ndani ya tangi. Seva ni hivyo hivyo. Sauti zitakaa mle, na wewe kwa kompyuta yako ndogo, au shemeji kwa yake, mtazisikiliza kwa waya nitakaouvuta ukutani. Seva yenyewe haiguswi. Hakuna mitihani, hakuna flashi, hakuna mchezo wa karata.

Shemeji Edmund, nakuheshimu, lakini kwenye simu uliniambia, "Shemeji, kitu cha bure ni cha kujaribia, weka Windows ambayo kila mtu anaijua." Sikukujibu kwa sababu ya heshima, nakujibu sasa. Ile tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kunakili, mimi ndiye niliyeichukua kwa mtu, haikuwa halali na haikupata marekebisho hata siku moja. Kila mtu anaijua, na wenye virusi wanaijua zaidi. Hizi programu huria zimeachwa wazi, anayetaka kuona zilivyotengenezwa anaona, anayetaka kumpa mwenzake anampa bila kuvizia. Ni bure kama mbegu ya korosho unayopewa na jirani, nayo ukiipanda inazaa kama ya kununua. Wewe endelea na Windows kwenye kompyuta yako ya mitihani, hazigombani. Kwenye seva, hapana.

Nilijaribu mifumo mitatu, wala sikuchagua Ubuntu kwa sababu tu ndiyo iliyotutoa machozi. Nilijenga mashine moja kutoka kwenye maboksi matatu yaliyopasuka ambayo msimamizi aliniruhusu kuyachukua, nikaiweka hapa kwa Bwanali.

Wa kwanza ulikuwa Debian. Huo ndio kipenzi cha Bwanali. Ni imara kweli, na Ubuntu wenyewe umetoka kwenye Debian. Lakini wakati wa kuuweka uliniuliza maswali mengi mpaka nikajiona niko mbele ya hakimu, na mengine nilijibu kwa kubahatisha. Nikawaza, siku mimi sipo, dada akiulizwa haya atafanyaje? Wa pili ni Fedora. Mzuri kuutazama, mwepesi kuuweka. Nikasoma kwamba unatoka mpya kila miezi sita, na wa zamani unaachwa kurekebishwa baada ya mwaka na kidogo. Sisi hatuna mtandao pale nyumbani wa kuufukuza kila mara. Sitaki mfumo unaotukimbia.

Wa tatu ni Ubuntu, lile toleo la Juni mwaka jana, siyo la mwaka huu. Bwanali alishangaa kwa nini nachukua la zamani wakati jipya lipo mezani. Nilimwonyesha kwa kidole kwenye karatasi: la mwaka jana wameahidi kulirekebisha miaka mitano kwa upande wa seva, la mwaka huu ni mwaka mmoja na nusu tu. Alisoma, akasema, "Profesa Kontena kumbe si utani."

Tukabishana tena. Bwanali akasema seva ya kweli haina picha, ni kioo cheusi na maandishi. Nikamwambia dada yangu anafundisha darasa la tatu, harushi ndege. Anataka aone mafaili, abonyeze, asikie. Akasema picha zitaila mashine nguvu. Nikaongeza kumbukumbu nyingine kutoka kwenye boksi lililopasuka, sasa inatosha na kubaki. Kwa hiyo itakuwa na picha. Wataalamu watacheka, wacheke.

Jaribio kubwa lilikuwa la umeme, maana najua unavyokuja na kuondoka huko kwenu. Kila jioni baada ya kazi, kwa wiki mbili, nilikuwa nakuja hapa, naiacha mashine ikiwa inafanya kazi, halafu naung'oa waya ukutani bila kuaga. Bwanali alikuwa anafumba macho. "Unaitesa!" Nikamwambia mtesaji wa kweli yuko Newala, mimi namfanyia mazoezi tu. Siku nyingine niliung'oa mara mbili, jumla mara ishirini na mbili. Mara zote iliamka yenyewe, ikajikagua, ikasimama, na sauti za Baba zote arobaini na moja zikahesabika. Lakini nisiseme uongo, Debian nayo ilifanya hivyo hivyo.

Kilichoamua ni hiki. Ile CD ya kuwekea Ubuntu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuiendesha kompyuta bila kuweka kitu. Siku seva ikikataa kuwaka, hutatafuta fundi wa kukuambia patupu. Utatia CD katika kompyuta yoyote iliyopo, utachomeka diski, utaona mwenyewe. Chombo cha kujengea na cha kuokolea ni kimoja, na tayari kimeshatuokoa mara moja. Nimekuwekea CD tatu kati ya zile tano, Bwanali amekubali. Hilo nimelimaliza, sirudi nyuma tena.

Sasa kazi yako kabla sijafika. Usiandae stoo. Andaa pembe ya sebule, upande wa mbali na mlango, juu ya meza na siyo sakafuni. Mfuko wa salfa usipite hata sebuleni wakati huu wa kupuliza, na anayetoka kupuliza abadili nguo nje. Kama unaogopa mwizi, mwombe Nikolao seremala akutengenezee kabati la mbao lenye kufuli, lakini atoboe matundu nyuma, mashine inapumua kama sisi.

Jambo jingine. Usikubali mtu yeyote alete faili lake tuliingize humo, hata picha za harusi. Mvua ya kwanza unaifanyaje? Unageuza mfereji wa bati, ile ya vumbi na vinyesi vya ndege inamwagika nje, ndipo unaacha ya pili iingie tangini. Mimi mara ile niliacha mvua ya kwanza iingie. Safari hii chochote kitakachoingia kitapita kwanza kwa Bwanali au kwangu.

Nimekuja kwenye lile ambalo limenifanya niandike kurasa zote hizi.

Mfumo huu unakuruhusu kusema nani anaweza kusikiliza na nani anaweza kufuta. Nimeupanga hivi: kila anayefika nyumbani kwako anaweza kusikiliza kanda yoyote, hahitaji ruhusa wala neno lolote. Kufuta au kubadili hawezi mtu, wewe huwezi, mimi siwezi, mpaka lichapwe neno la siri. Na neno hilo nataka liwe vipande viwili. Kipande cha kwanza utachagua wewe na usimwambie mtu, hata mimi. Kipande cha pili atachagua Basil, naye asimwambie mtu. Siku nikifika mtakaa wote wawili mbele ya mashine, wewe utachapa chako, yeye ageuze uso, halafu yeye atachapa chake na wewe ugeuze uso. Kuanzia hapo hakuna atakayegusa sauti ya Bibi bila mwenzake kuwepo.

Najua utakavyosema. Utasema Yoeli amerukwa na akili, anampa ufunguo mtu anayetaka kumtoa Mama shambani. Dada, fikiri kidogo. Kikao cha ukoo kikisikia mashine iko nyumbani kwetu, imeletwa na sisi, imefungwa na sisi, mtu wa kwanza atakayesimama atasema tumeitengeneza sauti. Nami ningekuwa Basil ningesema hivyo hivyo. Lakini kama nusu ya kufuli ni yake, na nakala kamili kwenye CD iko mkononi mwake wiki nzima kabla ya kikao, ataibishia sauti ya bibi yake mzaa mama kwa neno gani? Aliyembeba mgongoni ni yule yule Bibi.

Na jingine, hili ni zito kidogo. Nilipomwambia Mama kwa simu habari ya ile mikorosho kumi na miwili, aliniuliza kwa sauti ya chini kama mashine inaweza kuachia maneno ya mistari mitano tu. Inaweza. Bwanali anajua, ni kazi ya dakika mbili. Nimekataa, na naandika hapa ili Basil asome kwamba nimekataa. Mama, nisamehe, najua umeipalilia hiyo kumi na miwili tangu shangazi aolewe, na ndiyo inayozaa kuliko yote. Lakini tukikata neno moja la Bibi, mengine yote yanakuwa maneno yetu, si yake tena. Kanda itapigwa nzima, pamoja na jogoo na kikohozi. Mistari mitano ni ya Mama. Kumi na miwili ni ya shangazi Anjelina, na mtoto wake ni Basil.

Basil ndugu yangu, kama umefika hapa ukiwa bado umeshika karatasi hii, mimi ndiye yule yule tuliyekuwa tukiiba mabibo pamoja pale kwenye kisima, kumbe tulikuwa tukiiba ya mama yako. Umesikia mwenyewe. Fikiria neno lako. Liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala la mbwa.

Msalimie sana Mama, umshikie miguu kwa niaba yangu. Msalimie shemeji na umwambie sina kinyongo, nimemwekea kibodi nzuri isiyokwama herufi. Wasalimie Mzee Nathanaeli na wote wa Chiwata, Nikolao seremala, na kinamama wa kwaya, uwaambie wanaimba vizuri ingawa wameimba juu ya kanda za Baba. Bwanali anawasalimu ingawa hamumjui bado. Mungu aliyeziacha sauti hizi zisipotee azidi kuwalinda ninyi mlio hai, awape salfa isiyo na upepo na korosho zisizo na madoa.

Idi tunaitegemea kati ya tarehe 12 na 14 Oktoba. Bwanali ataila huku na wateja wake, halafu Jumatatu tarehe 15 tunapanda basi wote wawili, yeye kwenda Mkunya kwao, mimi na mashine mapajani, maana chini ya gari siiweki. Jumanne tarehe 16 jioni nitakuwa mlangoni kwako Newala, na nikifika nataka niwakute wewe na Basil mmekaa sebule moja, kila mtu na neno lake kichwani.

Mimi mdogo wako nikupendaye, na safari hii sichelewi,

Yoeli Cecil